Uso ni Wako, Laini ni Yangu

Johannesburg,
siku yangu ya mapumziko

Mke wangu Resti,

Nakusalimu wewe kabla sijamsalimu mtu mwingine yeyote. Hujambo? Baridi ya Kitura mwaka huu imekuachaje? Na lile jino? Mama mkwe naye, mguu unamruhusu kushuka shambani au bado anapiga kelele akiwa barazani? Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, na uzuri umeongezeka kuliko siku ile uliyonisindikiza stendi ya Mbinga. Wenzangu hapa wanaliona hilo ila hawasemi.

Anayekuletea barua hii ni Anold, yule Mnyasa wa Mbaha ninayekaa naye chumba kimoja. Anakuja likizo. Mpikie ugali, ila usimpe maharage peke yake, maana watu wa ziwani wasipoona usipa, vile visamaki vyao, kwenye sahani wanadhani wamefungwa jela. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako imezimwa, na aliyeamuru izimwe ni mimi. Hilo nitalieleza. Naomba usiichane barua kabla sijafika hapo.

Unajua kazi yangu hapa dukani. Nilikwambia mimi ni msimamizi, na kweli ninasimamia: nasimamia rafu, nazijaza vitu zisikae tupu. Asubuhi ile nilifungua boksi la kahawa nikakutana na wewe. Mzima mzima, Resti, pakiti kwa pakiti. Umesimama kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, umevaa kitenge cha njano nilichokununulia mimi, unacheka mpaka mwanya wote uko nje. Mwanya ule mimi nilihangaika msimu mzima wa kuvuna kahawa ndipo nikauona. Hapa mtu yeyote anautia kwenye kikapu pamoja na mayai na sabuni, anaenda nao kwake.

Chini ya picha wameandika Restituta, mkulima, Kitura, Mbinga. Hawakuandika kwamba ameolewa. Niligeuza pakiti pande zote, nikatazama mpaka pale wanapoandika lini itaharibika, hakuna.

Nikamwita Tebogo, tunayepanga naye rafu, nikamwambia huyu ni mke wangu. Akanitazama kwa huruma, akachukua boksi la maziwa lenye picha ya ng'ombe, akaniambia, "Basi na huyu ni dada yako. Msalimie." Tangu siku hiyo kila maziwa yakiingia ananiita nije nimwone dada yangu.

Hilo ningelivumilia. Lakini kwenye pakiti kuna kile kimraba cha vidoti vyeusi. Ukikielekezea simu unafunguka ukurasa, na wewe tena uko humo, safari hii umeinama na jembe kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, na chini kuna kitufe cha kumwandikia mkulima. Nikabonyeza. Ikatokea namba. Namba yenyewe ni laini yangu! Unakumbuka ulikuwa hujapata kitambulisho cha taifa, nikaweka kidole changu mimi, laini ikasajiliwa kwa jina langu, nikakuachia wakati naondoka. Kwa hiyo wanaume wa nchi za watu walikuwa wanamwandikia mke wangu kwa jina langu.

Ndipo nikakupigia. Yale tuliyosema unayajua, lakini niache niyaseme nilivyoyasikia mimi. Nilikuuliza ni akina nani wanaandika, nawe ukanisomea bila hofu, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Mmoja anauliza kama mvua imenyesha. Mwingine ametuma picha ya mbwa wake kavaa sweta. Wa tatu, huyo Henrik, anataka kujua asubuhi huwa unakunywa nini, na ukamwambia uji. Resti, mimi mwenyewe sikumbuki lini nilikuuliza asubuhi umekunywa nini, na hilo liliniuma zaidi. Nikakuuliza kama unawajibu wote. Ukasema, "Wananisalimia, Egno. Ninyamaze kama mtu asiye na wazazi?"

Nikauliza Kizungu umekitoa wapi. Ukasema anakusaidia Bwana Lameck, afisa ugani. Hapo ndipo kichwa kikawaka moto. Huyo ndiye aliyepiga picha. Huyo ndiye aliyeandikisha namba za wakulima pale chama cha msingi ili zipelekwe kwa kampuni. Sasa huyo huyo ndiye anakaa na mke wangu barazani kumtafsiria habari za mbwa wenye masweta. Mtu kaletwa kutoka mkoa mwingine kufundisha mbolea! Nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu Anold anaweza kuchungulia. Mwisho nikakuamuru uzime simu. Ukasema, "Haya." Hilo haya lako nalijua. Likisemwa namna ile, hata moto jikoni unasinyaa.

Basi nikaapa kuishitaki kampuni. Anold, ambaye aliwahi kusoma ualimu kidogo kabla hajakimbia, alisoma ule ukurasa wao mpaka mwisho, kule ambako hakuna mtu anafika. Kampuni iko Ulaya, wewe uko Kitura, mimi niko huku, na pakiti ziko kila mahali, kwa hiyo mahakama ya nani? Kumbe wao wenyewe wameahidi kwamba mtu wa nchi yoyote akilalamika wametumia vibaya taarifa zake binafsi, yaani jina, picha, namba na vitu kama hivyo, kwanza awaandikie wao, na wasipomridhisha aombe shauri lisikilizwe na mwamuzi asiye wa upande wowote. Hasafiri mtu. Mnaonana kwa simu.

Tukawaandikia. Wakajibu kwa adabu nyingi na bila kusema kitu. Tukapeleka kwa mwamuzi. Mimi nilitaka kudai uso wako kwa nguvu zote, nikajaza kwenye fomu kwamba mimi ndiye mwenye malalamiko. Ikarudi na swali moja: je, wewe ndiye mtu anayeonekana pichani? Anold akasema kuna njia, niwapelekee picha yangu nimevaa kitenge cha njano. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akainuka, akasema, Egno, uso huna, lakini namba unayo. Na kweli, taarifa za laini ni zangu, kidole ni changu. Kwa mlango huo tukapokelewa.

Siku ya kusikilizwa nilivaa koti la Anold la kanisani juu, chini nilikuwa na bukta, kwa sababu simu haioni chini. Tuliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mwamuzi ni mama mmoja mwenye miwani, mpole kama mtu anayekusikiliza kitubio. Alikuwepo na mwanasheria wa kampuni, kijana nadhifu, na mkalimani ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Nilieleza vizuri, Resti. Kama ningekuwa na cheti ningekuwa mbunge.

Halafu yule kijana akasema mwenye picha alikubali. Mwamuzi akamuuliza alikubali vipi. Akasema ujumbe wote uliotumwa kwenye namba ile kupitia ukurasa wao ulijibiwa, tena kwa furaha. Bi Restituta aliwauliza wateja habari za wazazi wao. Alimuuliza bwana mmoja kama mbwa wake ameamkaje. Mtu asiyetaka kuandikiwa hawezi kujibu namna hiyo.

Mwamuzi akaniuliza nina la kusema. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Mama, kwetu mtu anaweza kuwa na tenga la kahawa kichwani anapanda mlima, wewe mgeni ukamsalimia, atasimama na mzigo wake akuitikie, na watoto wako atawaulizia. Hapo hajakubali kitu. Hajakupa shamba, hajakupa mkono. Ameitika tu. Mke wangu angewanyamazia hao watu, hapo ndipo mngesema ana jambo."

Mkalimani alitafsiri, na nikaona yule mama anaandika. Nilijiona nimeshinda. Nikamkonyeza Anold.

Yule kijana akauliza jambo dogo tu. Kwamba kwa muda sasa ujumbe hauendi, simu imezimwa. Je, Bi Restituta aliizima mwenyewe?

Nikasema, "Niliamuru mimi."

"Kwa nini?"

Resti, ningeweza kusema chaji. Ningeweza kusema umeme wa Kitura. Lakini yule mama alikuwa ananitazama, nikasema, "Kwa sababu alikuwa anawaitikia."

Hata mkalimani alichelewa kutafsiri. Anold alikohoa kule nyuma. Nilikuwa nimemweleza mwanamke wa ng'ambo, kwa ufasaha wote, kitu ambacho wewe ulinieleza kwa sentensi moja nikakufokea.

Uamuzi umetoka nusu. Namba wameitoa kwenye ukurasa, na ujumbe hautakuja tena. Nimejaribu mwenyewe, kitufe hakipo. Hapo nimeshinda, uwatangazie Kitura nzima na Mpepai pia. Lakini kuhusu picha mwamuzi amesema uso siyo wangu, hata kama nimekuoa. Anataka kukusikia wewe, wewe peke yako na mkalimani wake, mimi nisiwepo na Bwana Lameck asiwepo. Ukitaka itolewe, itatolewa. Ukitaka ibaki, itabaki. Mimi nilibisha. Nilielezwa mara ya pili.

Sasa nakuuliza, ingawa kuuliza hakunitoki vizuri. Mimi nataka itolewe. Sifichi. Kuna mzee mmoja anakuja kila wiki, anachukua pakiti yako, anaitazama, anatabasamu, na mimi nampangia rafu nikiwa na hasira za kupasua boksi. Lakini nakumbuka pia siku ile kwenye simu, kabla hatujagombana, ulisema hakuna mtu wa Kitura aliyewahi kufika mbali hivyo. Nikasema mbona mimi nimefika. Ukanyamaza. Mimi nimepanda mabasi mpaka miguu ikavimba, na huku hakuna anayejua jina langu, wananiita kaka wa ng'ombe. Wewe hujavuka Mbamba Bay na wanakujua. Hilo nalo linaniwasha, nalisema ili usiseme nimechagua wivu mmoja.

Usinifurahishe mimi, basi. Wakipiga, waambie unalotaka wewe.

Nisalimie mama mkwe, mwambie Shikamoo yangu aipokee akiwa amekaa. Unisalimie na mdogo wako Oresta, na mjomba anayetengeneza mizinga, na katekista aliyetufundisha ndoa, mwambie kuna somo alilisahau. Hata Bwana Lameck msalimie. Asimame uwanjani, umsalimie kutoka mlangoni.

Pakiti moja nilinunua. Iko dirishani. Tebogo akija naigeuza itazame ukutani, akiondoka naigeuza tena.

Anold akishakula, washa simu. Ujumbe wa kwanza utakaoingia utakuwa wangu, na hautakuwa na amri ndani yake. Nitakuuliza umeamkaje, na umekunywa nini. Uniitikie, Resti, kama unavyowaitikia wapita njia.

Mumeo,
Egno