Mlango wa Wauguzi

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Basma,

Salaam nyingi zikufikie huko Cairo. U mzima? Baridi imepungua, au bado walala na soksi? Huku sote wazima, alhamdulillahi. Joto tu ndilo linalotutoa roho, na Mama bado anagombana na paka wa jirani kama ulivyowaacha.

Barua yako niliipata, na swali lako nimelikimbia vya kutosha. Wataka kujua kama unifuate, uwe daktari wa upasuaji. Wallahi, ungeniuliza mwaka juzi ningekujibu kabla hujamaliza. Leo nimekata tamaa, Basma, na sioni faida ya kukuficha.

Hospitalini kwetu, nje ya thieta ya upasuaji, kuna vyumba viwili vya kubadilishia nguo. Kimoja kimeandikwa Madaktari, nacho ni cha wanaume. Cha pili kimeandikwa Wauguzi, na humo ndimo wanawake wote tunamovalia, mimi nikiwemo. Utasema ni kibao tu. Mimi pia nilijiambia hivyo.

Lakini mkuu wetu, Daktari Absalom, hugawa kazi za siku huku akivaa mle chumbani mwao. Nikitoka nakuta Anwar, ambaye fundo lake la kwanza la kushonea mgonjwa nilimfundisha mimi, kapewa mgonjwa niliyempokea mimi. Nikiuliza, jibu ni moja: "Tumeshapanga." Wala si mtu mbaya, hanipigii kelele, ndiyo maana hata kumkasirikia nashindwa. Na nisipopasua wagonjwa wa kutosha kwa mkono wangu mwenyewe, siruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho wa ubingwa.

Mwezi uliopita akaletwa shangazi yetu Mwanatatu kutoka mtaa wa Shika Adabu, kidole tumbo kimemfura. Zamu ilikuwa yangu, na siku hiyo Absalom mwenyewe alisema nifanye mimi. Nilivaa haraka nikatoka. Shangazi akaniangalia kutoka kitandani, akasema, "Nipa mkono, mwanangu, kisha uniitie daktari."

Nikamwambia daktari ndiye mimi. Akanionea huruma. "Si nimekuona ukitoka mlango wa wauguzi?"

Alikuwa anatetemeka, na mgonjwa habishwi. Anwar ndiye aliyempasua. Mimi nilimshika mkono mpaka dawa ya usingizi ikamchukua.

Nililia sana siku ile. Kisha nikamwendea Absalom, nikamwomba kazi zigawanywe nje, sote tukiwepo, na kile kibao kibadilishwe. Alinisikiliza vizuri tu. Kesho yake nikakuta kikaratasi chini ya neno Wauguzi: "Na Dkt. Nadira". Kimebandikwa kwa plasta ya vidonda. Wauguzi walicheka, nami nikacheka nao, ningefanyaje? Kazi zikaendelea kugawanywa kule kule.

Juzi Absalom ameniambia kuna nafasi kliniki ya ngozi, saa zake nzuri, itanifaa nikiolewa. Madaktari wawili wa kike walionitangulia waliishia huko huko, nami nilidhani ni wavivu. Nimekubali. Kikaratasi changu hakitawapa taabu, plasta yenyewe imeshaanza kubanduka.

Basma, mikono unayo na akili unayo. Hata mimi si kazi iliyonishinda. Ningependa kukwambia njoo tuwe wawili mle chumbani, lakini mimi sitakuwemo, na kukuita uje ukae peke yako moyo wangu umekataa.

Nisalimie Hafswa mwenzako wa chumbani. Mama anakuombea dua kila sala. Shangazi Mwanatatu naye anakusalimu sana. Kidonda chake kimepona vizuri, na kila anayekwenda kumjulia hali humsimulia kwa fahari jinsi mtoto wa ndugu yake, sista wa pale pale thieta, alivyomshika mkono.

Mola akulinde, akupe unachokitaka, na akupe na watu wa kukuachia ukifanye.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nadira