Milango Tuliyoiziba

Jumatatu, 3 Februari

Maji korongoni, vibuyu viwili. Shimo tunalochimba mchangani kupata maji sasa limenizidi kimo. Shule. Kisha kutwanga mbegu za ubuyu, maana uwele umekwisha.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mwalimu. Kitabu cha nyumba za hapa Zuzu nilichokiandika mwaka jana ni cha uongo. Mwandiko ni mzuri, mistari imenyooka, na ni uongo tangu ukurasa wa kwanza.

Jumbe wetu ni Baba Mkubwa, kaka yake Baba. Hajui kusoma, kwa hiyo huniita mimi niandike. Kodi ya Wadachi ni ya nyumba, na nyumba huhesabiwa kwa mlango. Sisi tunakaa kwenye tembe: paa moja refu la udongo, na chini yake kila mama ana chumba chake, mlango wake na jiko lake. Kabla ya hesabu ya kodi kijiji kizima kilikoroga udongo na mavi ya ng'ombe, kikaziba milango. Tukatoboa kuta kwa ndani ili tupitane. Kila tembe ikabaki na mlango mmoja. Tembe yetu ina majiko manne. Niliandika: nyumba moja.

Nilijua. Tena nilijiona mwerevu.

Jumatano, 5 Februari

Treni imeshusha magunia ya mtama. Karani wa akida alisimama juu ya gunia akasoma tangazo. Kwa ajili ya njaa, serikali imesogeza kodi mpaka baada ya mavuno. Na kila nyumba iliyo kitabuni itapewa pishi nane za mtama kila wiki mbili, bure. Wanawake walipiga vigelegele.

Kisha akafungua kitabu. Changu.

Tembe yetu: moja. Watu kumi na saba, pishi nane. Tembe ya jirani: moja. Iliyofuata: moja. Vigelegele vilikatika. Mzee Malogo, ambaye ulimi wake haupumziki, alisema, "Tuliificha serikali milango. Sasa serikali haituoni."

Mgao ni Jumatatu. Magunia yatakayobaki yanapelekwa stesheni ya mbele.



Alhamisi, 6 Februari

Leo majembe hayakwenda shamba. Kijiji kizima kinabomoa kuta. Kufika adhuhuri milango ilikuwa imefunguka hata mahali ambapo haijawahi kuwapo. Mzee Malogo amelitoboa zizi la mbuzi akaliwekea kizingiti. Mkewe akamuuliza mbele ya watu, "Na beberu naye utamwandikisha kama nani? Mzee wa nyumba?"

Baba amekataa kufungua hata mmoja. Yeye ni ndugu wa jumbe. Kufungua ni kukiri.

Chumba cha mwisho ni cha Shangazi, dada yake Baba. Ni mjane, ana pacha ambao hawajatimiza mwaka. Kila mama hapa ana kilindo chake cha nafaka. Cha Shangazi kitupu tangu mumewe afe. Anangoja wa majiko mengine matatu wamalize kula kwanza, ndipo apate kilichobaki. Siku hizi hakibaki kitu. Maziwa yamemkauka.

Jumamosi, 8 Februari

Karani amekuja kutazama milango. Aligusa udongo, ukamshika kidoleni, bado mbichi. Kwenye zizi la Mzee Malogo mbuzi alitoa kichwa mlangoni. Karani akacheka mpaka akafuta macho. "Kijiji hiki milango inaota kama uyoga," alisema. "Na mvua yenyewe hamna." Kisha akaacha kucheka. Atafuata kitabu.

Pacha mmoja hakulia leo. Nimemkasirikia kila mtu, mimi mwenyewe kwanza.

Jioni nilikuwa nimekaa jikoni kwa Mama. Nikatazama juu. Boriti zilizo juu ya mafiga ni nyeusi, zinang'aa kwa masizi ya miaka. Nikaenda kwa Shangazi: hivyo hivyo. Nikaenda zizini kwa Mzee Malogo: boriti nyeupe kama zilivyokatwa porini.

Mlango unaweza kuufungua kwa siku moja. Masizi huwezi.

Jumapili, 9 Februari

Nimemwambia Baba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ukilisema hilo, kodi ijayo tutalipa nne. Na Baba yako Mkubwa watamvua ujumbe."

Ni kweli, yote mawili. Kanisani sikusikia mahubiri.

Mchana nilipita tembe kwa tembe. Nilisema nimetumwa moto. Nimeandika kila jiko lenye masizi.

Naogopa. Nitasema. Ninaliandika hapa ili kesho nisijidanganye.

Jumatatu, 10 Februari

Sauti haikutoka. Nilisimama mbele ya karani, watu wote wananitazama. Nikampa karatasi.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, bwana."

"Na kitabu?"

"Mimi."

"Basi nikuamini kwa lipi?"

"Tazama juu, bwana. Darini. Masizi."

Alizunguka tembe zote na fimbo yake, akigusa boriti. Aliporudi mikono ilikuwa nyeusi mpaka viwikoni. Karatasi ilikuwa sawa. Zizi la Mzee Malogo alilipita bila kuingia, watu wakacheka, na Mzee Malogo akacheka kuliko wote.

Karani akasema: jiko litakalokula leo litalipa kodi baada ya mavuno. Asiyetaka asimame kando. Hakusimama mtu. Hata Baba.

Shangazi amepata pishi nane, kwa jina lake.

Baba Mkubwa ameitwa bomani Dodoma, Ijumaa. Alinipita njiani. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia.

Jumanne, 11 Februari

Baada ya shule nilichukua jembe nikabomoa mlango wa Shangazi. Udongo ulikuwa umekauka kama jiwe. Baba akaja akabeba vifusi. Tulifagia. Shangazi akawasha moto. Uji ulipochemka pacha wote wawili walilia, nasi hatukuwanyamazisha.

Kisha nilikwenda kwa Baba Mkubwa. Alikuwa peke yake uani. Nilimwambia kwamba Ijumaa nitakwenda naye Dodoma, nikaseme bomani kuwa mwandiko ni wangu. Alinisogezea kigoda kwa mguu.

Nikakaa.