Mnyemeleaji Anayebisha Hodi

Rubongi, 9 Februari 2025

Kaka Okwi,

Salamu kutoka bwenini. Sijambo, ila mafua ya vumbi hayajaniacha. Mgongo wako vipi? Mama alisema unalalamika. Barua hii nampa Mama Athieno anayekuja kuuza vitunguu hapa, maana simu haturuhusiwi.

Nina swali la mchezo wetu. Nimewafundisha wenzangu wawili, Agwang na Arnold, na tunacheza Jumapili baada ya ibada, kwa karatasi na dadu zilezile ulizochonga. Mimi ni mnyemeleaji wa Watu wa Ufa, wale wadogo uliowabuni wewe, wanaoishi kwenye nyufa za mwamba. Sasa lazima nichague njia moja: muuaji, mwizi wa hazina, au mpenyezi wa magendo. Lakini wewe uliandika katika historia yao kwamba Mtu wa Ufa akivuka mlango wa mtu bila kubisha hodi, jina lake linafutika na hakuna atakayelikumbuka. Arnold alicheka mpaka akashika meza. "Mwizi anayebisha hodi! Ataambiwa karibu, mwizi, chai iko tayari." Mimi unanijua, niliinamia dadu zangu. Je, tuifute sheria hiyo?

Na uniambie kama utarudi shule muhula ujao.

Mdogo wako,
Akiteng

Dabani, 23 Februari 2025

Mdogo wangu Akiteng,

Habari ya masomo? Huku tupo, mama naye yupo. Mgongo unauma lakini unabeba.

Usifute. Hiyo sheria si yangu, ni ya bibi. Unakumbuka tulivyoingia kwa kina Alungat kuchukua moto bila hodi? Bibi alitutoa kwa masikio, akatusimamisha uani mpaka mwenye nyumba akarudi kutoka shambani. Ukiondoa hodi, hao si Watu wa Ufa tena, ni watu wafupi tu.

Muuaji hapana, atamwamsha anayetaka kumuua. Mwizi wa hazina ni yaleyale ya Arnold. Chukua mpenyezi. Yeye haingii kwa mtu. Anapita kwenye majani kati ya nchi na nchi, na mpaka hauna mlango, kwa hiyo hauna hodi. Mzigo anauweka bega la kushoto, ili sikio la kulia lisikie. Hapiti penye maji yaliyosimama, kwa sababu vyura wakinyamaza ghafla kila mtu anajua kuna mtu. Mwambie Arnold hivyo, halafu umwangalie usoni.

Ya shule tutaongea.

Kaka yako,
Okwi

Rubongi, 9 Machi 2025

Kaka Okwi,

Natumaini mko salama. Mafua yamepungua.

Nilichagua mpenyezi. Agwang, ambaye ndiye anayeuendesha mchezo, alisema hajawahi kuona mnyemeleaji anayelingana na kabila lake namna hiyo. Arnold hakucheka. Nilivuka mpaka wa falme zetu mbili bila kuonekana, na kwa mara ya kwanza nilizungumza mpaka mwisho bila sauti kunikwama.

Kisha nikaisoma barua yako tena wakati wa maandalio ya jioni, na furaha ikaniisha. Habari za vyura umezijuaje? Nani alikufundisha bega la kushoto? Kaka, unabeba nini, na unapita wapi?

Mdogo wako,
Akiteng

Dabani, 30 Machi 2025

Akiteng,

U mzima? Wewe na kusoma kwako.

Ndiyo. Nabeba mafuta ya kupikia kutoka upande wa Kenya, kwa njia za panya. Wengi wanabeba. Mama anajua, hasemi. Nyumbani hapawezi kusomesha wawili, na mwenye kichwa cha vitabu ni wewe, basi ya shule usiniulize tena.

Siku hizi askari wanatukimbiza sana. Wenzangu wanasema ukiona wanakuja, ingia nyumba yoyote, lala chini ya kitanda. Mimi nikiwaza hivyo naona bibi anafufuka na kunishika sikio.

Cheza tu. Mpenyezi wako asife kabla ya likizo, nataka kumwona.

Kaka yako,
Okwi

Rubongi, 6 Aprili 2025

Kaka,

Sina salamu leo. Ukikimbizwa, ingia. Usibishe. Ile sheria nimeifuta kwa kalamu nyekundu, na Agwang amekubali. Watu wa Ufa sasa wanaingia popote na majina yao yanabaki.

Nijibu hata neno moja.

Mdogo wako,
Akiteng

Dabani, 18 Mei 2025

Kaka Okwi,

Sijui nikusalimie vipi. Mimi ni mzima wa mwili. Mama hali chakula, anakunywa chai tu.

Mama Athieno amenirudishia barua yangu ya mwisho. Haijafunguliwa. Alipokuja nayo ulikuwa umeshachukuliwa.

Alinipeleka kwa Damalie, yule mama ambaye nyumba yake iko karibu na njia yenu. Alikuwa anachambua maharagwe, na aliendelea kuchambua akisema, bila kuniangalia. Wenzako waliingia jikoni kwake kama mbuzi wanaokimbia mvua, akawa anawafunika kwa magunia. "Yeye alisimama nje na dumu begani," alisema. "Mlango ulikuwa wazi, mwanangu. Wazi kabisa. Akasema hodi. Nilipopata sauti ya kusema karibu, askari walikuwa wameshamkamata."

Mimi na mama tumezunguka kila kituo cha polisi, Busia mpaka Tororo. Tunataja jina lako, wanatafuta, wanasema halipo. Mmoja alimuuliza mama kama ana hakika alizaa mtoto wa jina hilo. Wenzako walioingia bila kubisha wako kwao, nasikia mama zao wakiwaita kwenda kula. Nimeisoma upya historia ya Watu wa Ufa, neno kwa neno, nikitafuta mahali nilipoielewa vibaya. Sipaoni.

Mama anasema lazima nirudi shule. Nitarudi, lakini mchezo nimeuacha. Mpenyezi wangu amesimama palepale mpakani.

Mama Athieno ameniuliza barua hii ampe nani. Naiweka juu ya kitanda chako. Mlango hatuufungi siku hizi. Ukirudi, kaka, usibishe. Ingia tu.

Mdogo wako,
Akiteng