Busta na mteremko wa Kondoa

Ernest, mimi na mdogo wangu Devota tulishatoka Kondoa. Kufika mteremkoni nikazima injini tuteremke fri, gari lijiendee lenyewe, kama enzi zetu za lori.

Nakanyaga breki, ngumu kama jiwe.

Kabla ya safari fundi Shahid, akitengeneza breki za gari langu la Pijo, aliniuliza, "Mzee, nikuwekee busta au ubaki na breki za nguvu ya mguu?" Nikasema busta, goti limechoka. "Basi usizime gari mlimani, busta inategemea injini." Nikamjibu, "Nimeanza kuendesha kabla baba yako hajaoa."

Devota anapiga kelele, "Kaka, kanyaga!" Nakanyaga, Ernest. Nakanyaga kwa miguu yote miwili.

Tuliishia kwenye alizeti za watu. Hatukuumia.

Devota kapanda basi, hakuniaga. Pijo limevutwa mpaka gereji. Nikamwambia Shahid aing'oe busta. Akasema, "Busta ni nzima, mzee. Nipe funguo."

Nimempa.