Kimea Hakitaki Moto Mkali

Copperbelt, Zambia

Dada yangu Minza,

Mwangaluka. Pokea salamu ya asubuhi hata kama barua imekufikia jioni, maana naandika jua likiwa bado halijaingia dirishani. Mimi ni mhola, salama tu, isipokuwa goti la kushoto ambalo huniambia habari za mvua kabla ya redio. Na wewe je? Macho yanaendeleaje tangu upewe ile dawa ya matone? Mvua imefika Mwamapalala, au mawingu bado yanapita juu kwenda kwa wengine? Kabula aliniandikia kwamba wanunuzi wa pamba sasa ni wengi, kila mmoja na mizani yake, na kwamba ng'ombe wenu mweupe amezaa jike. Kwa pamba sijui niseme nini. Kwa ng'ombe, hongera.

Kabula mwanangu, mama yako hana haraka, kwa hiyo msomee polepole. Sehemu nyingine nitaeleza kama mwalimu wa darasa la nne. Nataka aelewe kila hatua, kwa sababu barua hii ni ya kumshukuru, na mtu hawezi kupokea shukrani ya jambo asilolielewa.

Dada, unajua kwamba miaka yote hii nimekuwa kwenye maabara ya kiwanda cha nguo, lakini sijawahi kukueleza ninafanya nini humo. Ni hivi. Kabla nyuzi hazijafumwa, zile za mtande, yaani zinazokwenda kwa urefu wa nguo, hupakwa uji wa wanga ili ziwe ngumu, zisikatike kwenye mitambo. Nguo ikishafumwa, uji huo lazima utolewe. Usipotoka, rangi inashika huku na kuruka kule, na nguo inakuwa na madoa kama mbuzi. Zamani walitumia tindikali, lakini tindikali haichagui; inakula wanga na kula pamba pia. Siku hizi tunatumia kitu kinachoitwa kimeng'enya. Hiki kinaukata wanga tu na pamba hakiigusi, kama ndama anavyompita kila ng'ombe zizini mpaka amfikie mama yake. Tena hakiishi kwa kufanya kazi. Kikimaliza kukata hapa kinahamia pale, kwa hiyo kidogo tu kinatosha tangi zima.

Kazi yangu ni kupima nguvu zake. Nachukua uji mwepesi wa wanga, nauweka kwenye maji ya joto lisilobadilika, natia tone la kimeng'enya na kuanza kutazama saa. Kila nusu dakika nadondosha tone la uji huo kwenye kigae cheupe chenye iodini. Wanga ukiwepo, tone linakuwa la buluu iliyokolea. Wanga ukiisha, iodini inabaki na rangi yake ya kahawia. Dakika zikiwa chache, kimeng'enya kina nguvu. Zikiwa nyingi, kimechoka. Basi, ndiyo kazi niliyozeekea.

Mwaka huu kiwanda kiliuzwa kwa mmiliki mpya. Hata huku mambo ni ya soko huria kama kwenu. Zamani kimeng'enya kilitoka mahali pamoja, pipa la aina moja, miaka nenda miaka rudi. Sasa kila msimu linakuja pipa jingine kutoka nchi nyingine. La mwisho nililipima kwa nyuzijoto sitini, kama karatasi yake ilivyosema, na buluu ikaisha kwa dakika nne. Nikasaini kwamba ni zuri.

Wiki hiyohiyo nguo zikaanza kutoka na madoa.

Anayesimamia tangi ni mama mmoja anaitwa Esnart, mjane mwenye watoto watatu, mwenye mdomo mwepesi na mkono hodari wa kazi. Meneja mpya aliniita ofisini.

"Mzee Maduhu, dawa ina nguvu au haina?"

"Ina nguvu. Nimeipima."

"Umeipima mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Basi kama dawa ni nzima na nguo ni mbovu, dawa haifiki kwenye tangi. Huyo mama anaiuza."

Sikubisha, dada. Niliona hesabu imekaa sawa. Siku iliyofuata Esnart akaandikiwa barua ya kusimamishwa kazi, na kilichotajwa ndani yake ni kipimo changu, chenye saini yangu.

Alikuja kwenye mlango wa maabara akiwa na barua hiyo mkononi. Wao huniita Bashikulu, yaani babu.

"Bashikulu, umenifunga."

"Mimi sijataja jina lako, mama."

"Hukulitaja. Uliwaachia nafasi walijaze wenyewe." Kisha akasema, "Naweka majagi mawili, kama ulivyoandika kwenye karatasi ya ukutani. Wewe unakaa na vigae vyako huku, hujakanyaga kule tangu mwaka jana. Njoo uone, halafu ukaniseme ukiwa umeona."

Nikamfuata. Alinionyesha kila kitu kwa mkono, kama anayemfundisha mgeni njia. Maji yalikuwa yanatokota kwenye tangi, mvuke umejaa mpaka juu. Akachota jagi la kwanza, akamimina. Akachota la pili.

Na hapo, dada, nikakuona wewe.

Sijui kama unakumbuka. Mama alikuwa mgonjwa, hawezi kumeza kitu kizito, nawe ulikuwa ukimpikia uji wa mtama. Ulikuwa unausonga mzito, unauepua, unauacha upoe mpaka mtu aweze kutia kidole akahesabu hadi tatu. Ndipo unatia unga wa kimea, ule mtama ulioota na kukaushwa, na uji unalegea wenyewe, unakuwa mwepesi na mtamu bila sukari. Siku moja ulikwenda kisimani ukaniacha na chungu. Mimi nikaona kungoja upoe ni kupoteza muda. Nikatia kimea chote uji ukiwa unachemka mekoni. Uliporudi mwiko ulikuwa umesimama wima katikati ya chungu.

"Umekifanya nini?"

"Nimetia kimea."

"Ukiwa motoni?"

"Ili kiive haraka."

"Umekiua, ng'wanawane. Kimea hakitaki moto mkali. Hata wewe ukitumbukizwa humo hutafanya kazi."

Ulinichapa mkono, halafu ukakaa chini ukasaga kingine, na mama akachelewa kula. Hukunisemea kwake.

Nikamwuliza Esnart nani amemwambia achemshe maji. Akanyoosha kidole ukutani. Karatasi ilikuwa pale, imekuwa ya manjano kwa mvuke: nyuzijoto tisini na tano, na chini yake mwandiko wangu na saini yangu. Kimeng'enya cha zamani kilivumilia moto huo, kilitengenezwa hivyo. Hiki kipya hakikuweza. Kwenye maabara nilikipima kwa sitini kama karatasi yake ilivyosema, nikakisifu, kisha sikutoka nje kubadilisha neno moja ukutani. Yeye alitii maandishi yangu, na kwa kuyatii akaitwa mwizi.

Nilichota maji ya tangi, nikayapoza hadi sitini, nikayapima mbele yake. Dakika kumi, buluu. Dakika ishirini, buluu. Alikuwa ameegemea meza, anahesabu matone. Kisha tukachukua kimeng'enya hichohicho kutoka pipani, tukakitia kwenye maji ya nyuzijoto sitini ambayo hayakuwahi kuchemka. Dakika nne, kahawia.

Nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe hunihukumu haraka. Nilifikiri kunyamaza. Ningeweza kubandika karatasi mpya, nguo zingetakata, na watu wangesema kumbe mama yule ndiye aliyekuwa tatizo. Nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Ila nilikumbuka kwamba aliyeharibu uji ule alikuwa mimi, na wewe ulisaga tena bila kumtafuta wa kumlaumu.

Nikaenda kwa meneja na vigae vyote viwili.

"Kosa ni la nani?" akauliza.

"Langu."

"Unajua kwamba mama yule ameshapewa barua?"

"Mpeni nyingine ya kumrudisha."

"Na wewe?"

"Mimi niandikieni ya kwangu."

Alivisogeza vigae vyote viwili mbele yake. Akasema angependa zaidi niwe nimekosea kipimo, kwa sababu mtu akikosea kipimo unampa miwani, lakini asiyetoka nje kuona hana miwani ya kupewa. Ni kijana, lakini ana akili. Alimrudisha Esnart siku ileile, na akamwomba radhi mbele ya wenzake wa idara ya rangi. Mimi nikavuliwa ukuu wa maabara. Nimeachiwa huu mwaka mmoja uliobaki, kwa sharti kwamba nimfundishe mtu wa kupima nguvu za kimeng'enya pale pale kwenye tangi, wala si mbali nyuma ya mlango.

Mtu huyo niliyepewa ni Esnart. Siku ya kwanza alivaa koti langu jeupe, likamfika magotini, akasema, "Bashikulu, kumbe hili ndilo linalowafanya msitoke nje." Anajifunza haraka. Ana tabia ya kuuliza kila kitu kimetoka wapi. Aliponiuliza nani alinifundisha mimi, ulimi ulikuwa tayari kutaja chuo, kama nilivyotaja kwenye kila fomu niliyojaza maishani. Nikamwambia ni dada yangu, mkulima wa pamba na mtama wilaya ya Bariadi, ambaye hakuwahi kushika kipimajoto. Akacheka, kisha akaona sicheki.

Basi dada, asante. Nilipaswa kuisema tangu zamani, kabla nyumba ile ya mama haijabomolewa wakati wa kuhamia vijijini. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza kwa nini kimea kinakufa motoni, na ninavishukuru pia, lakini wewe ulinipa habari yenyewe nikiwa bado sijajua kusoma.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha kitambaa. Nguo hiyo aliipima Esnart peke yake. Mimi nilikaa kwenye benchi, sikugusa chombo. Ukipata iodini ya zahanati, dondosha tone moja pembeni. Halitageuka buluu.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie ng'ombe jike asimwuze. Nisalimie mjomba wetu wa Shishiyu kama bado anabisha kila habari, na mama mkwe wa Kabula aliyenitumia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Na wewe Kabula, ahsante kwa koo lako.

Kaa na mhola.

Ni mimi mdogo wako,
Maduhu,
ambaye sasa ni msaidizi wa Esnart.