Melda Hayumo Katika Kitabu cha Mwisho

Baba Effie wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote walio chini ya paa letu hapo Nyansiongo. Mimi ni mzima, ni mikono tu imepasuka kwa sabuni ya huku Uskoti na kwa baridi ambayo hata Juni haijaniachilia. Presha yako iko namna gani? Usiniambie "niko sawa" kama vile huniambia kwa simu, niambie vile daktari alisema. Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anatuzungusha? Effie aliniambia amevimba chuchu, nikaingia wasiwasi siku nzima, halafu jioni ananiambia aliyevimba ni wa jirani. Mtoto huyo ataniua.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako si yako. Nikikupigia anashika Effie, au mama yangu akiwa amewatembelea kutoka Magwagwa, au vijana wa maziwa, na wewe mwenyewe unapenda kuweka sauti ya nje mpaka jirani anajua nilikula nini. Haya ninayotaka kukuambia si ya sauti ya nje. Dada Rael wa kanisa anakuja likizo kwao Kenyenya, nimempa akuletee barua hii pamoja na kitabu. Ndiyo, kile. Cha nane, cha mwisho. Kimetoka.

Sasa nisikilize vizuri, maana tangu kitabu hicho kiingie chumbani kwangu sijatulia. Nasimama, nakaa, nasimama. Juzi kuna bibi mmoja hapa katika nyumba ya wazee nilikuwa namwekea chai, akanishika mkono, kikombe kilishajaa na chai inatembea kwa meza.

Huku huwa najirudishia zile jioni zetu. Wewe umetoka kupokea maziwa pale ushirika, umenawa, umevuta kiti karibu na moto, mimi nasonga ugali. Wewe Mjaluo, mimi Mkisii, tukakutana katikati kwa Kiswahili. Kiingereza changu kiliishia darasa la nane, kwa hivyo ulikuwa unasoma ukurasa kwa macho halafu unanihadithia. Kile cha kwanza ulikitoa katika rundo la mitumba Kisii mjini, jalada limeng'oka, Effie hata hajazaliwa. Na tukasoma hivyo vyote saba, mwaka huu kimoja, tunangoja miaka, kingine. Ordani, mtoto wa mchoma makaa aliyekuwa jemadari. Yule mchawi kipofu. Ile theluji inayomeza miji. Mchungaji aliniuliza siku moja kama hadithi za wachawi zinafaa nyumbani kwa mzee wa kanisa. Nikamwambia ndani yake kuna mama mmoja mcha Mungu, haweki chakula mdomoni kabla ya kuomba, na mimi ndiye ninayemfuata.

Melda. Muuza maziwa anayefuata jeshi la Ordani na mikebe miwili begani. Melda aliyemwambia mfalme mzima kwamba maziwa yake yametiwa maji, akatoa kipimo akatumbukiza mbele ya watu, mfalme akatazama chini. Melda asiyegusa samaki mwenye miiba hata njaa ikimuua, na askari wa pwani wanamcheka wanamwita mtu wa ndizi. Nilicheka mpaka ugali ukashika sufuria. Na unakumbuka uliniacha naye wapi? Cha saba tulikimaliza wiki niliyopanda ndege. Jemadari alimtuma Melda ng'ambo ya daraja la barafu, kwenye ngome ya kaskazini, akawauguze waliojeruhiwa, akamwambia vita vikiisha atarudishwa. Ukafunga kitabu. Nikakuuliza, atarudi? Ukasema tungoje cha nane.

Basi nimengoja. Nikiosha wazee wa watu, nikiwageuza kitandani, nilikuwa nasema moyoni, hata Melda yuko kwa baridi na wagonjwa wasio wake.

Kitabu kilifika Ijumaa mchana. Unajua huku wakati huu jua halitaki kuzama, linakaa tu juu kama mgeni asiyeona wenyeji wamechoka. Nikasema, Sabato huanza jua likizama, na jua halijazama, kwa hivyo nina nafasi ya hadithi. Nikasoma, kidole kwenye mstari, simu kando ya kunitafsiria maneno magumu. Jua likazama, nikafunga kitabu, nikakiweka juu ya kabati ili nisikione. Jumamosi nikaenda ibada, nikarudi, nikakaa kwa kitanda. Jua liko palepale. Ndipo nikapata wazo ambalo hata shetani angeona haya kulileta. Nilijiambia, mimi ni mtu wa Nyansiongo, na Nyansiongo sasa hivi giza limeingia. Nikashusha kitabu. Yaani nilianza Sabato kwa jua la huku na kuifunga kwa jua la nyumbani. Usimwambie mchungaji. Nimeshaomba toba, lakini nilipomkosa Melda ukurasa baada ya ukurasa, nilidhani ndiyo adhabu yangu.

Maana alikosekana. Nilifika kwenye ile ngome ya kaskazini. Ngome iko. Barafu iko. Waliojeruhiwa wako, wanalala kwa nyasi, na anayewauguza ni askari mmoja mzee mlevi. Nikasema labda Melda amekwenda kutafuta maziwa. Nikageuza ukurasa. Labda yuko na malkia. Nikageuza. Ndipo nikakupigia ile Jumapili, utakumbuka, ukadhani kuna msiba kwa vile sikuwasalimia watoto kwanza.

"Baba Effie, Melda yuko wapi? Nimekaribia mwisho na simuoni."

Nikasikia kuku wetu. Halafu ukasema, "Huyo yuko mbele kidogo. Mwandishi humficha. Wewe endelea tu."

Mimi nilikuamini. Nilimaliza kitabu chote, Baba Effie, mpaka karatasi ya mwisho ambayo haina maandishi. Ordani amerudi kwao kuchoma makaa. Mchawi amekufa akiimba. Hata punda wa mpishi amepewa mwisho wake, kapewa shamba la nyasi akaachiliwa. Kila mtu amefikishwa mahali, ila Melda.

Nikaenda maktaba ya mji huu, vile vingine saba wanavyo. Nikamwomba msichana wa pale anisaidie kumtafuta mtu. Akaandika jina kwa kompyuta, akatikisa kichwa. Nikamwambia labda nimekosea jina, atafute muuza maziwa, mama mnene kidogo, anaomba kabla ya kula, ana kipimo. Akatafuta kitabu baada ya kitabu, kwa heshima kabisa, mimi nimesimama na mkoba wangu. Mwisho akacheka, si kwa ubaya.

"Mama, nimevisoma hivi vyote mara mbili," akasema. "Humu hakuna mtu anayekunywa maziwa. Ni pombe tu."

Nilitoka nikakaa kwa ngazi za nje. Kwanza nilisikia aibu, miaka hiyo yote namwombea mtu ambaye hayupo. Ndiyo, nilimwombea, hukujua hilo. Halafu nikakasirika nawe. Halafu ule mkebe, ile miiba ya samaki, lile jina la mtu wa ndizi ambalo wewe huwajibu ndugu zangu wakikuita mtu wa samaki, vyote vikanijia pamoja, nikacheka peke yangu mpaka mzee mmoja aliyepita akanisalimu akidhani namchekea. Mtu gani duniani angeweka kipimo cha maziwa katika vita vya wachawi kama si karani wa maziwa? Na mimi nilikuwa nakaa pale na mwiko mkononi, sijitambui.

Sasa sikuandikii kukulaumu. Nimekuwa nikitembea huku na huku na swali moja. Ulipompeleka Melda kaskazini, hati yangu ya kusafiria ilikuwa tayari mezani. Hukuwa unasoma, ulikuwa unaniambia mimi. Nilikuwa mpumbavu kuuliza mwandishi atafanya nini.

Tena kuna lile la mkataba. Mama wa ofisi ananiuliza kila siku kama nitaongeza miaka miwili, karatasi iko kwake, anangoja sahihi tu. Effie amemaliza chuo, wadogo wake wanasoma, kilichonileta huku kimekaribia kutimia, lakini najua pia paa la upande wa jikoni na mambo mengine. Kila nikikuuliza unaniambia, "Fanya vile Mungu atakuongoza." Unalisema polepole, kama unasoma kwa mimbari. Mungu nimemuuliza, anisamehe, naye amenyamaza kama wewe. Sijui kama unasema hivyo kwa sababu hutaki kunizuia, au kwa sababu nyumba imeshazoea bila mimi, ugali unasongwa, ng'ombe wanakamuliwa, na mama wa kwa simu anatosha. Hilo ndilo linaniamsha na kunikalisha. Si kazi, si baridi.

Kwa hivyo ukifungua kitabu hiki usipoteze macho yako kumtafuta Melda. Hayumo. Mwandishi amemaliza watu wake wote, amelala. Wa kwako mmoja bado yuko kwa barafu na mikebe yake. Na huyo, Baba Effie, huwezi kusema afanye vile Mungu atamwongoza, maana ni wewe uliyemtunga na ni wewe uliyemtuma.

Jumapili baada ya kupata barua hii, nipigie. Usishike simu ndani. Vuka zizi, nenda mpaka kule mwisho wa mahindi ambako Effie hafiki kwa uvivu wake. Uniambie tu kama Melda anabaki ngomeni au anarudi. Ukisema anabaki, nitaweka sahihi kesho yake, sitakununia, nitajua umeangalia ya watoto. Ukisema anarudi, nitamwambia mama wa ofisi atafute mwingine. Lakini usiniambie tungoje. Hakuna cha tisa.

Nisalimie mama yangu akija, mwambie dawa ya magoti iko na Dada Rael, asigawie majirani. Nisalimie mama yako kule ziwani, mwambie bado namkumbuka alivyonitolea miiba ya samaki kwa mkono wake nikiwa bibi harusi. Ndugu zangu watani wako, wasalimie, uwajibu wakikuchokoza. Effie mwambie namuona kwa picha amekonda, ale. Wadogo wake wabusu hata wakikataa. Mchungaji msalimie, na la Sabato tulivyokubaliana.

Mungu akushike mkono mpaka mwisho wa shamba.

Ni mimi mkeo, ambaye mpaka leo sijaweka sahihi,

Mama Effie