Ini Nililompa Mbwa

Jumatatu, 4 Juni 1951. Galula.
Mbweha wa tatu ndani ya siku saba. Nimempasua, nimeosha utumbo kwenye beseni jeusi kama kawaida. Minyoo midogo kuliko ufuta, mamia. Chini ya lenzi inapepea taratibu, kama nyasi mtoni. Niliitazama mpaka nikasahau nilipo.

Jumatano, 6 Juni.
Bwana Mifugo, mkubwa wangu kazini, ameeleza. Mbweha huipata minyoo hii kwa kula maini yenye vifuko vya maji. Mayai hutoka na kinyesi, hunata kwenye manyoya na mboga, huingia majini. Mtu akiyameza, kifuko huota ndani yake, polepole, kwa miaka. Nikauliza kuhusu mbwa wa nyumbani. Ni vilevile, akasema.
Sikula mchana.

Alhamisi, 7 Juni.
Miaka minne nimempelekea mbwa wetu maini mabovu, yenye vifuko, kutoka machinjio ya kambi yetu. Niliona ni wema. Mke wangu Nambeye hujilaza barazani naye, mkono kwenye manyoya yake. Nambeye ana uvimbe chini ya mbavu za kulia tangu mwaka jana. Tulidhani mimba. Haikuwa.
Elia, mwanetu, yuko Isansa kwa bibi yake. Afadhali.

Jumapili, 10 Juni.
Ukungu wa Ziwa Rukwa ulijaa mlangoni mwa kanisa. Watu waliingia kama wanaotoka majini. Mahubiri sikuyasikia. Sijamwambia Nambeye. Mimi mwoga.

Jumanne, 12 Juni.
Nimemwambia. Alikuwa anapepeta ulezi, hakuacha. Aliuliza kama mbwa atauawa. Nikamweleza atapewa dawa ya kumharisha, kinyesi kichomwe. Hapo akaweka ungo chini.
"Umejua tangu lini, Baba Elia?"
"Tangu Jumatano."
"Siku sita umeogopa peke yako. Na tumbo ni langu."

Ijumaa, 15 Juni.
Lori la mgodi wa Saza limetuleta hospitali. Vumbi jeupe njia nzima, Nambeye amelala juu ya magunia, milima ikipita kama anaiota yeye. Daktari alimgusa ubavu, akasema watampasua.

Jumanne, 19 Juni.
Wamempasua. Kifuko kimetoka kizima, saizi ya chungwa. Nilionyeshwa kwenye bakuli. Cheupe, maji yake maangavu, kama mwezi wa mchana. Kizuri. Nilijichukia kwa kukiona kizuri.
Yu hai.

Jumapili, 22 Julai.
Nambeye yuko nyumbani. Anatembea ameshika ubavu. Asubuhi aliomba maji. Nilinawa mikono, akanitazama nikinawa, nikamchotea. Alikunywa yote. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, nikaketi.